Kengele ya Baiskeli ya Mahari

Kwa Mama, njia ya Soni,
S.L.P. 31,
Lushoto.
19 Oktoba, 1969

Mpendwa mdogo wangu Danieli,

Shikamoo yako ya kwenye barua niliipokea, marahaba. Natumaini huko Shinyanga hujambo, na kile kifua cha vumbi la pamba kimetulia. Kama hakijatulia, chemsha majani ya mkaratusi ujifukize, kama huko wanayo. Sisi huku tu wazima kiasi cha kuamka na kushika jembe. Mama anakula, anasali, anaimba. Macho ndiyo yale yale, ila ukungu umezidi, na sasa mtu akisimama mlangoni anamtambua kwa kukohoa.

Baridi ya mwaka huu ilituuma mpaka mifupani. Maharage yamekubali, viazi vya kule bondeni vimeoza, na ng'ombe mweusi amezaa dume tena.

Najua salamu hizi unazirukia tu. Unalotaka ni kujua kama baiskeli ya mahari ilifika kwa Mzee Abrahamu, na Jenoveva yu hali gani. Baiskeli ilifika. Jenoveva ni mzima kuliko mimi na wewe, na ameolewa. Kaa chini kwanza, usome taratibu, maana sina nguvu ya kuyaandika haya mara ya pili.

Aliyemwoa ni Kristofa, yule mpasua mbao wa Magamba, mrefu, mwenye pengo. Usianze kumtukana. Hakuiba. Tulimpelekea wenyewe, mikononi, na wewe ukiwa wa kwanza.

Baiskeli uliyoituma iliposhushwa kwenye basi, nyeusi, makaratasi bado yamezungushwa kwenye fremu, watu wa stendi walinipisha kama mke wa mkuu wa wilaya. Mama aliiweka katika kile chumba alichokitayarisha kwa ajili ya mkeo, kando ya kitanda. Kila asubuhi baada ya sala aliipapasa mpaka akaifikia kengele, akailiza, akasema, “Amka, mkwe wangu, kumekucha.” Mwanzoni nilicheka. Baadaye ilinichosha. Mtu hawezi kuamshwa kila siku kwa niaba ya mkwe ambaye hajafika.

Mshenga wako alikuwa Mjomba Sefania, kama ulivyotaka mwenyewe, ingawa nilikuonya kwamba mjomba ni mtu wa kujipenda. Mama alimwita akamkumbusha ya wazee: kitu cha mahari hakipandwi. Kikiwa mbuzi kinaswagwa, kikiwa jembe kinabebwa, kikiwa baiskeli kinakokotwa, mchana kweupe, mpaka uani kwa mkwe. Na mkono utakaokifikisha ndio utakaopewa kinywaji, na kinywaji hicho ndicho kinachofunga uchumba. Mjomba akaitikia ndiyo dada, ndiyo dada.

Sasa hujui habari ya ziara za baiskeli, maana zilianza ukiwa umeshatusahau. Bwana Maendeleo aliyeletwa mwaka juzi alisema wakulima wa Lushoto tunaishi kama konokono, kila mtu na kilima chake, hatujui mwenzetu anafanya nini ng'ambo ya bonde. Basi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wenye baiskeli wanakusanyika mjini, wamefunga vitambaa vya kijani mkononi, wanapangwa wawili wawili, na kuzunguka: leo Magamba, mwezi ujao Soni, wanatazama matuta ya wenzao na mashamba ya pamoja, wanahutubiwa, wanakula, wanarudi wakiimba Azimio. Kristofa ndiye kiongozi wao. Ana filimbi. Akipuliza mara moja wote wanashuka na kukokota, maana mlima wa huku haubishani na mtu. Akipuliza mara mbili kila mmoja anakata tawi la mti, analifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli, na kuliburuta kwenye mteremko ili limsaidie breki, kama wafanyavyo wapeleka kabichi Mombo.

Ziara ya Juni ilikuwa ya Soni. Mzee Abrahamu anakaa Soni. Umeshaelewa? Mjomba naye alielewa. Kwa nini atembee peke yake njia nzima akikokota chuma, wakati wenzake wanakwenda huko huko wakiimba, na yeye katikati yao juu ya baiskeli mpya kuliko zote? Alimuaga mama kwa unyenyekevu, akaikokota mpaka kwenye kona ya migomba, mahali ambapo sikio la mama halifiki. Hapo akapanda. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, nikamwita, nikampigia kelele kabisa. Alinipungia mkono kama bwana harusi.

Yaliyofuata nimesimuliwa na watu wengi, na wote wanaanza kwa kucheka. Walipofika juu ya mteremko wa kuingilia Soni, Kristofa akapuliza mara mbili. Wote wakakata matawi. Mjomba akakataa. Unajua kwa nini? Si kwa ushujaa. Alisema tawi litachubua rangi ya madigadi, na mahari haiwezi kufungwa mkia kama mzigo wa kabichi. Yaani kuipanda kwake hakukuwa kosa, lakini kuichubua, hilo hapana! Kristofa alimbembeleza, wakasema atakokota mpaka chini. Akakubali. Wenzake walipotangulia akaona aibu kuachwa nyuma, akapanda tena.

Breki hazikufika hata nusu ya njia. Aliwapita wote, wanasema, akiita jina la Bwana, vitambaa vya kijani vikimpisha kushoto na kulia, na kwenye kona ya daraja yeye akaenda upande mmoja na baiskeli upande mwingine. Yeye alipata mwamba. Baiskeli ikapata mto.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Walimbeba kwa machela ya miti, na muda wote alikuwa akilia, “Ipelekeni kwa Mzee Abrahamu! Ni mahari! Ipelekeni!” Jina lako hakulitaja. Usimlaumu kwa hilo, mtu aliyevunjika mguu hutaja mguu.

Kristofa akavua viatu, akashuka mtoni, akaitoa baiskeli katikati ya mawe. Akaiosha matope, akanyoosha usukani kwa magoti yake. Ringi la mbele lilikuwa limepinda, haipandiki, kwa hiyo akaikokota. Na kwa kuwa kiongozi anakokota, ziara nzima ikashuka ikakokota nyuma yake, wawili wawili, wakiimba, mpaka uani kwa Mzee Abrahamu. Mchana kweupe. Danieli, hata ungemlipa mtu akufundishe namna ya kupeleka mahari, asingeipeleka vizuri hivyo.

Mke wa mzee aliona watu wamejaa uani, na baiskeli safi imekokotwa na kijana aliyelowa mpaka kifuani. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha dengelua, ile pombe ya miwa ya kupokelea mahari. Kristofa alikuwa na kiu. Akanywa.

Siku ile mambo yaliishia hapo. Mzee Abrahamu alijua vizuri ni mali ya nani. Kishika uchumba chako kilikuwa sandukuni mwake. Lakini ziara ya Julai ilipopita Soni, Kristofa aliingia kusalimu. Ya Agosti pia. Na katikati, watu wanasema, palikuwa na ziara nyingine za mtu mmoja ambazo Bwana Maendeleo hakuzipanga.

Mjomba alipoweza kusimama kwa magongo tulikwenda yeye na mimi kudai neno letu. Mzee alitupokea vizuri, akatukalisha, halafu akatuambia ana shida. Mahari ya Danieli ilipandwa, ikaanguka, na mshenga wake hakufika. Iliyofika ililetwa kwa miguu na mkono mwingine, na mkono huo ukapewa kinywaji na mke wake mwenyewe. Afanyeje? Alisema, kama tunaona tumeonewa, tuichukue baiskeli yetu, ile pale, tuondoke nayo, na habari iishe.

Hapo ndipo tungeishika tukaondoka, walau tungebaki na chuma. Lakini mjomba alikuwa amelala hospitali muda mrefu bila mtu wa kumsikiliza. Akainuka juu ya magongo, akasema hatukuja kufuata chuma. Binti aitwe aulizwe mwenyewe. Akimkana Danieli, basi na baiskeli ibaki hapo hapo. Nilimvuta koti. Akanitoa mkono.

Akaitwa Jenoveva. Alitoka jikoni akijifuta mikono, akatuamkia wote kwa heshima, shikamoo mjomba, shikamoo dada, akasimama. Amenenepa. Baba yake akamwuliza kama anaijua baiskeli ile.

“Ninaijua,” akasema. “Na aliyeileta ninamjua. Aliyeinunua ndiye nimemsahau sura.”

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningemjibu, nami unanijua. Alisema kama mtu anayeulizwa kama chumvi imekolea. Mjomba akageuza magongo kuelekea njiani.

Nilitaka kumwambia kwamba ipo picha yako, ile uliyopiga na tai ya kuazima, mkono juu ya kiti. Kisha nikakumbuka kwamba kila mwaka umemwandikia “mwakani”. Mwakani utakuja na godoro, mwakani mwenye kiwanda atakupa ruhusa. Msichana wa watu alingoja mpaka wenzake aliosoma nao Kipaimara wakabeba mtoto wa pili. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mdogo wangu, na asiyekuwapo na lake halipo. Hata mimi, nikiwa dada yako, nilirudi nyumbani nikimlaani yeye, na nilipofika kwenye kona ya migomba nilikuwa nakulaani wewe. Mama nilimwambia tu kwamba baiskeli imefika.

Walitangazwa kanisani Soni mara zote tatu na hakuna aliyeinuka kupinga. Harusi ilikuwa mwisho wa Septemba, Jumamosi ya ziara. Basi ziara ndiyo ikawa msafara wa bibi harusi, kutoka Soni kwenda kanisani Magamba, vitambaa vya kijani na maua kwenye usukani. Mzee Abrahamu aliitoa baiskeli yako imsafirishe binti yake. Wameitia ringi jipya. Jenoveva amekaa kwenye keria, miguu upande mmoja, shela inafika kwenye spoku, na Kristofa anakokota, maana kutoka Soni kuja huku ni kupanda tu.

Njia hiyo inapita chini ya nyumba yetu, hilo nalijua tangu nizaliwe, lakini siku ile sikuwaza. Nilikuwa nachambua maharage. Mama alikuwa anaota jua. Mara akainua kichwa. Kelele za waimbaji mimi niliziona za kawaida. Yeye aliisikia kengele.

Danieli, mama aliinuka kama msichana. Akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na ile kanga aliyopewa na baba siku ya harusi yao, ambayo hata mimi mwanawe sijawahi kuifunga. Akashuka mpaka barabarani, fimbo ameiacha, anapiga vigelegele. “Amekuja! Mkwe wangu amekuja!” Ziara nzima ikasimama. Hakuna aliyepuliza filimbi.

Kristofa alitazama chini. Jenoveva ndiye aliyeshuka. Akapiga goti palepale kwenye vumbi na shela yake nyeupe, akasema, “Shikamoo, mama.” Mama akamfunika kanga mabegani, akampapasa uso, mashavu, kidevu, akamshika mikono asiachie. Yule msichana akakubali kupapaswa mpaka mama aliporidhika. Halafu mama akawaambia wampeleke kanisani wasichelewe, yeye atakuwa anapika.

Na akapika. Tulikula mimi na yeye tu.

Sikumwambia, na sitamwambia. Kwake yeye mahari ikifika na bibi harusi akatoka kwao, umeoa, hata ukiwa Shinyanga. Mjomba naye amekataa, anasema mguu unamuuma. Kila siku mama ananiuliza mbona mkwe anakawia huko kwao, ninamjibu bado anaaga. Kitanda amekitandika, ananikataza kuweka hata kikapu juu yake. Hilo la kumwambia ni lako, Danieli. Ulituma baiskeli, ukatuma mshenga, ukatuma picha. Hili huwezi kulituma. Panda treni uje umwambie kwa mdomo wako, na usiniandikie mwakani.

Mjomba Sefania anakusalimu, anaomba umtafutie dawa ya mifupa. Mzee Abrahamu nilimkuta gulioni, naye anakusalimu, anasema hana kinyongo. Mama anakusalimu kuliko wote. Amekaa hapa kando yangu na ameniambia niandike hivi: “Mwanangu, umeoa mtoto wa heshima, ila mikono yake ni ya baridi. Akija mfunge nguo nzito.” Nimeandika kama alivyosema.

Mungu wa baba yetu akulinde njiani, akushushe salama Mombo, na akupe la kusema ukifika mlangoni. Usikohoe, atakutambua kabla hujajiandaa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hasira,

Dorkasi