Fundo la Turubai

Kipili, Jumanne

Mama, shikamoo. Huku ziwani ni joto, sweta ulilonifumia limelala tu begini.

Jana nilipanda chombo cha kijiji cha ujamaa: mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, na tanga kubwa la turubai. Upepo ulitoka nyuma. Nahodha alinipa kamba ya tanga niishike mkononi. Mimi nikaifunga kwenye ncha ya mti mmojawapo wa kuunganishia, kama Baba alivyofunga turubai la lori tukitoka Kasense na mahindi.

Upepo ukazidi, mitumbwi ikaanza kunywa maji kwa mbele.

"Legeza, ndugu! Legeza!"

Fundo likagoma. Nahodha akaruka na kisu, akaikata kamba.

"Hilo fundo la watu wa malori," akasema tulipotulia, bado anahema. "Kakufundisha nani?"

Tangu tumzike Baba, Mama, sikuwa nimelifunga tena. Mikono ilikumbuka yenyewe.

Jikinge vizuri na baridi ya huko. Nakuletea samaki wa huku, migebuka mikavu, na fundo pia. Nimelivua kwenye mti likiwa zima. Kisu kilikata kamba tu.

Mwanao,
Hamisi