Bei ya Kwanza ya Landrova

Lumemo, Ifakara
9 Novemba 2023

Binti yangu Edna,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi mzima, mama yako mzima isipokuwa miguu, na Landrova nzima isipokuwa injini.

Barua hii naipa kondakta wa basi la Morogoro kwa sababu simu nimeizima, nimeifukia kwenye debe la mchele. Wewe ndiye uliyeitangaza gari yangu mtandaoni, sasa madalali wananipigia tangu alfajiri. “Mzee, bei ya mwisho?” Shikamoo hakuna. Mtu gani anaanzia mwishoni? Nikawajibu milioni tisini. Mmoja wa Dar akacheka, nikamwambia kwako wewe sasa ni mia.

Wanafikiri ni bati hili. Kabla ya daraja kujengwa mtoni, pantoni ilikuwa inapakia Landrova yangu kwanza, wakubwa wa serikali wanasubiri na jua lao. Maharusi wa Lupiro niliwavusha mimi. Bonde hili lote hakuna dereva aliyenipita kwenye matope, na waliojaribu niliwavuta mimi.

Habari za kuhamia Kisawasawa usiniandikie tena. Mto ukiingia, tutapanda garini kama mwaka huu. Gari iko juu ya matofali. Iliyo chini ni nyumba.

Baba yako,
Hermenegildi

Morogoro
21 Novemba 2023

Baba,

Milele, amina. Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mimi mvua ikigonga bati usingizi unakatika.

Mafuriko yale Mama alikaa kwenye kiti cha mbele na maji yakamfuata humo humo. Ndiyo miguu hiyo unayoiandikia “isipokuwa”. Kiwanja cha shangazi Kisawasawa kiko juu, mto haufiki. Fundi Wendelin anasema milioni nane inatosha vyumba viwili. Yule wa Dar uliyempandishia alikuwa ametoa nane, Baba! Gari halijawaka tangu niko darasa la sita.

Liuze kabla ya masika. Nakuomba kwa ajili ya Mama.

Mwanao,
Edna

Lumemo
4 Januari 2024

Edna,

Tumsifu Yesu Kristu, na heri ya mwaka mpya.

Nane ni bei ya pikipiki na mshikaki. Usinitajie.

Jana kaja Msukuma mmoja, Seni, mwenye ng'ombe zake kule Kisawasawa. Akaizunguka gari, akashika bodi kama anapapasa ndama. Akauliza bei. Nikamkomoa: ng'ombe arobaini. Hakucheka. Akasema, “Nimesikia, Baba,” akaaga kwa adabu, akaenda. Mama yako anasema nimemfukuza mtu mwema. Ndiyo, wanafukuzwa hivyo.

Ila tangu jana nageuka tu kitandani. Hakuuliza bei ya mwisho. Mtu wa namna gani huyu?

Baba yako

Morogoro
26 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu barua mbili. Kondakta anasema alibisha hodi, nyumba imefungwa. Huku wanasema mto Lumemo umeshaanza kujaa. Itoe simu kwenye mchele, hata leo tu. Mama yuko wapi?

Edna

Kisawasawa
3 Machi 2024

Binti yangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua zako kaniletea jirani yetu Ignas. Angalia hapo juu ninakoandikia, utulie.

Seni alirudi na wazee watatu, fimbo mkononi. Kumbe kwao ukitaja ng'ombe arobaini umefungua maneno, kama posa. Wakakaa. Mzee mmoja akasema, “Binti yako tumemwona. Mzuri, ila anachechemea.” Nikawaka! “Anachechemea nani?” Tukabishana tairi moja moja. Wakataka kujua safari zake zote, pantoni, maharusi, matope, nami nikawaambia. Mama yako akapika wali mara mbili. Edna, tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza habari za gari ile mpaka jua likashuka. Tukafika ng'ombe kumi na nne. Kutoka kumi na sita, wawili wa mwisho niliwaondoa mwenyewe, hata sijui kwa nini. Wengine tumeuza, Wendelin anapaua vyumba viwili kwenye kiwanja cha shangazi yako.

Siku ya kuhama injini iligoma. Wakafunga maksai mbele, nikashika usukani. Magodoro nyuma, mama yako kiti chake cha mbele. Honi imekufa, nikapiga kwa mdomo. Ignas akasimama barabarani anacheka: “Mzee Hermenegildi, leo unavutwa!” Nikamwambia tazama vizuri, mimi ndiye ninayewasukuma maksai.

Siku ya tatu baada ya kuhama, mto ukaingia Lumemo mpaka madirishani. Yale matofali yaliyobeba gari yamekwenda na maji. Ignas ndiye aliyekuja kusema, na safari hii hakucheka.

Miguu ya mama yako imekauka. Mimi bado situlii. Kila asubuhi naenda kwa Seni kuiangalia. Anatafuta injini; kuku wa mkewe walikuwa wameingia kulala ndani, nimewatoa. Nimemwambia siku akitaka kuiuza aanzie ng'ombe hamsini, na anayeuliza bei ya mwisho asimpe hata kiti.

Ni mimi baba yako,
Hermenegildi, baba mkwe wa Seni