Kiapo Ninachokuomba, Kaka Raphael

Picha ya Ndege,
Kibaha, Pwani.
11 Juni, 2025.

Mpendwa kaka yangu Raphael,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi salama hapo Muleba pamoja na shemeji Adventina. Miguu yake bado inavimba? Na presha yako je, unakunywa dawa kila siku au unakunywa ukikumbuka? Nilisikia migomba yenu ilishambuliwa na mnyauko tena. Nawapeni pole sana. Sisi hapa tunaendelea, ingawa nikisema mimi sijambo nitakuwa mwongo, na mambo ya uongo ndiyo ninayotaka kuyamaliza kwa barua hii.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yangu hupokei. Mjukuu wangu Blessing, yule binti wa Elina, amekutumia ujumbe mara sita, na anasema umeusoma wote, alama za bluu zinaonekana. Haya, karatasi haina alama za bluu. Nimempa Hashiru, dereva wa basi la Bukoba, na ameniahidi atakukabidhi mwenyewe mkononi, si kuiacha dukani. Ndani ya bahasha kuna barua hii na karatasi nyingine iliyochapwa. Hiyo nyingine iache kwanza, soma hii.

Kuhusu afya yangu, nilipolazwa mwezi wa tatu waliniambia ni saratani ya tezi dume. Tena imeshafika kwenye mifupa. Daktari alikuwa kijana mpole, akazungukazunguka na maneno mpaka nikamwambia, we mtoto, mimi nimeona watu wakifa kabla wewe hujazaliwa, sema. Akasema. Mwaka mmoja, labda na miezi. Elina alilia mpaka nikamfukuza wodini, halafu nikamwita mwenyewe arudi.

Siku ile nilimwambia Elina kwamba nikifa, nataka msalaba wangu uandikwe kuwa nilikuwa askari na nilipigana vita. Akaona ni jambo dogo. Akaenda ofisi ya kata kutazama orodha ya wapiganaji wa zamani wanaoishi huku kwetu. Akarudi amenuna: Baba, jina lako halimo. Lingekuwamo vipi? Ndipo nikamweleza kitu ambacho miaka yote tulikijua wewe na mimi na marehemu wetu.

Nakirudia hapa, maana nataka shemeji Adventina naye akisome, kama utakuwa na moyo wa kumpa.

Mwaka 1977 walipokuja kuandikisha askari kule Kwimba walitaka cheti cha darasa la saba. Mimi nilikuwa nimeishia la tano, nimerudishwa machungani. Wewe cheti ulikuwa nacho, na tayari walikuwa wamekuchukua kukufundisha ualimu pale pale kijijini. Baba mkubwa, baba yako, akakitoa sandukuni akanipa mbele ya wazee. Nakumbuka alivyosema: cheti ni cha nyumba hii kama ng'ombe walivyo wa nyumba hii, mwenye haja nacho leo ndiye akichukue. Hukukataa. Wala mimi sikuona kosa. Plau yetu moja ilizunguka nyumba tatu kila msimu, kwa nini cheti kisizunguke? Basi nikaondoka asubuhi naitwa Masumbuko, jioni nikalala kambini naitwa Raphael Ndaki.

Unakumbuka nilipojeruhiwa mguu, 1979? Taarifa ilifika kijijini kwamba Raphael Ndaki kaumia vibaya vitani. Kina mama wakaja wanalia mpaka shuleni, wakakukuta ubaoni na chaki mkononi. Mama yangu Kwandu alikuwa akisema mpaka anakufa kwamba hakupata kuteseka kama siku ile, kumlilia mwanawe kwa jina la mtoto wa shemeji yake, na mwenye jina yuko mbele yake mzima. Tulilicheka sana jambo hilo baadaye. Siku hizi silicheki.

Basi mwezi wa nne Elina alinipeleka Dar, ofisini tulikoelekezwa, nikaombe kumbukumbu zangu zirekebishwe. Aliyetupokea ni dada mmoja anaitwa Laurensia, mstaarabu kweli. Nikakiri kila kitu, cheti na yote. Akaniambia, mzee wangu, unajua kwamba hilo ni kosa? Nikamwambia wakitaka kunifunga wanifunge pamoja na mpira wangu wa mkojo. Akainama kwenye makaratasi ili nisimwone anavyocheka.

Namba yangu ya jeshi sijaisahau hata siku moja. Nikamtajia, akalipata jalada. Kaka, nilikuwamo mle! Siku niliyoandikishwa, kikosi, mguu, hospitali, mpaka niliporuhusiwa kuondoka jeshini 1981. Na nishani mbili za vita. Miaka yote nilidhani zilinipita kwa kuwa nilitoka mapema nikaja huku Kibaha kuwa mlinzi wa shule, nisionekane tena. Nikamuuliza ziko wapi. Akasema zilishachukuliwa, mzee, 1984, walipowaita watu wilayani kwao. Akanifunulia daftari nione.

Ile sahihi naijua. R kubwa yenye mkia unaolizunguka jina zima. Nimeiona kwenye madaftari ya watoto uliowafundisha, nimeiona kwenye barua zako zote. Laurensia akauliza kama naitambua. Nikasema hapana. Elina akanitazama, lakini nilisema hapana, kwa sababu wewe ni kaka yangu na yule ni mtu baki.

Nilikutetea moyoni wiki nzima. Nikasema wito ulikuja kwa jina lake, angefanya nini? Angesema siye, wangeuliza basi ni nani, na mimi ningekwenda jela. Alikwenda kunificha. Kama ndivyo ilivyokuwa, ahsante sana, na nisingekuuliza neno. Ila ungeniambia, kaka. Miaka arobaini na moja! Tumezika wazazi pamoja, tumeozesha watoto pamoja, na hukunong'ona hata siku moja.

Kisha Blessing akanionyesha picha kwenye simu. Ni wewe, Siku ya Mashujaa mwaka jana, umesimama mstarini na wazee wengine. Umevaa koti la kijani, na kifuani zimening'inia nishani zangu zote mbili. Chini wameandika: Mwalimu wetu na shujaa wetu, mzee Raphael. Koti ulilipata wapi? Nishani najua ulikozitoa, lakini koti?

Nilikasirika, sitaki kukuficha. Nilikutukana kwa Kisukuma mpaka majirani wakatoka nje. Nilitaka kuandika siku ile ile, Elina akanificha kalamu. Alifanya vizuri, maana barua ile ungeichoma.

Laurensia alisema kumbukumbu zinaweza kurekebishwa kwa mambo mawili. La kwanza, mtu niliyekuwa naye kikosini aape kwamba aliyekuwa naye ni mimi. La pili, mwenye jina aape kwamba yeye hakuwa askari. Nikaanza na la kwanza, nikiona ndilo jepesi. Nikaenda Kisarawe kwa Faraji.

Faraji nimekusimulia mara nyingi. Ndiye aliyenibeba nilipoumia mguu. Kijiji chake kiko mbele ya Maneromango, kwenye mikorosho. Nilimkuta barazani kwenye kitanda cha kamba, amekonda, kifua kinakoroma. Aliponisikia tu akaita, Rafa! Mwanawe Said akatuletea maji na korosho. Nikamweleza yote. Vitani niliogopa mara nyingi, lakini nakwambia, si kama pale.

Akairudisha sahanini korosho aliyokuwa ameishika. Kisha akauliza: "Sasa yule niliyembeba mgongoni kutwa nzima alikuwa nani?"

Nikamwambia, mimi.

Akasema: "Wewe nani?"

Nililia, kaka. Mbele ya Said na mbele ya binti yangu. Mtu huyu alinigawia maji yake ya mwisho, na mimi sikuwahi kumpa hata jina langu.

Alikataa kuweka dole gumba. Alisema hawezi kuapa kwamba alikuwa na Masumbuko, kwa sababu Masumbuko hamjui, na yeye hawezi kumdanganya Mungu huku yuko kwenye kitanda cha kufia. Alikuwa anasema kweli, mimi ndiye niliyemlisha uongo. Tulipokuwa tunaondoka akaniita tena. Akasema nimpeleke huyo mwenye jina amwone. Akasema: "Uso wa mtu ambaye hakuwepo nitaujua. Nitaapa kwamba huyu hakuwepo. Hilo naliweza."

Ule ujumbe ambao Blessing alikutumia mara sita ulikuwa ndio huo. Njoo, kaka, nauli ipo, malazi yapo, mzee anataka kukuona uso tu. Njoo, hali yake si nzuri. Njoo. Uliusoma wote.

Said alipiga simu Alhamisi iliyopita asubuhi, kabla ya Idi. Faraji amefariki. Tulimzika siku ile ile alasiri. Nilikwenda na mpira wangu na fimbo yangu, Elina amenishika mkono. Baada ya dua Said alisimama kushukuru watu, akasema yupo hapa mzee wetu Raphael, aliyepigana vita pamoja na marehemu. Hana kosa kijana yule, ndilo jina analolijua tangu utoto, na siku niliyojieleza nadhani alielewa nusu. Watu wakaja kunipa mikono. Pole mzee Raphael. Pole mzee Raphael. Nikaipokea mikono yote. Ningeanza kubishana jina penye kaburi la mtu?

Niliporudi nyumbani nikamwomba Elina anirudishie kalamu.

Sasa nakuja kwenye karatasi ile nyingine. Ni kiapo. Elina amekiandikisha kwa wakili hapa Kibaha. Kinasema wewe, Raphael Ndaki, hukuwahi kuwa askari, kwamba cheti chako alikitumia ndugu yako Masumbuko, na kwamba nishani mbili ulizochukua mwaka 1984 ni zake. Kitie sahihi mbele ya hakimu au wakili hapo kwenu, kigongwe mhuri, umpe Hashiru. Anapita hapo tena Jumanne.

Najua ninachokuomba. Kiapo hiki kitakuvua lile koti mbele ya watu wanaokuamkia shujaa. Wanafunzi wako watasikia. Shemeji naye, kama hajui, atakuuliza maswali ambayo mimi sitakuwepo kukusaidia kuyajibu. Sifurahii. Kama kungekuwa na njia nyingine ningeifuata, na ungekufa na heshima yako. Njia nyingine tumeizika Alhamisi.

Wala sijifanyi mtakatifu. Nishani zenyewe nazitaka. Nataka kuzishika walau siku moja, nijue zina uzito gani. Lakini ukishindwa kuachana nazo, basi baki nazo, nipe kiapo. Baba mkubwa amekwenda, mama Kwandu amekwenda, wazee wote waliokuwepo siku ya cheti wamekwenda, na sasa Faraji. Duniani amebaki mtu mmoja tu anayeweza kusema kwamba sikuwa wewe, na mtu huyo ni wewe. Ukinyamaza, nitazikwa kama mlinzi wa shule, na yule askari atazikwa Muleba siku yako ikifika, wakupigie na saluti.

Mengine ni ya kawaida. Mihogo ya shamba la kule Janga imestawi mwaka huu, ingawa ng'ombe wa watu wameingia mara mbili wakala upande wa barabarani. Elina amehamishiwa ofisi za mkoa, hana haja tena ya kwenda Dar kila asubuhi, na Blessing yuko kidato cha pili. Mkwe wangu Fabian anakusalimu. Hajui kitu cha kukuambia zaidi ya hapo, na mimi simlaumu.

Nisalimie sana shemeji Adventina. Mwambie sijasahau senene alizonipelekea hospitali mwaka ule. Wasalimie mwanao Kabula na mumewe, na mwalimu mwenzako Justa, yule aliyetupokea vizuri kwenye msiba wa baba mkubwa. Waambie namuomba Mungu awape siku nyingi na usingizi mzuri. Nawe pia nakuombea hivyo hivyo, kaka, usingizi mzuri, bila mzaha wowote.

Hapo chini nimeweka sahihi yangu. Ni mara ya kwanza nasaini jina langu mwenyewe kwenye habari za jeshi.

Mdogo wako, nisiyeweza kukuchukia ingawa nimejaribu,

Masumbuko Ndaki