Gari la Yona Lilipoanza Kunywa

Jumatatu, 2 Juni

Nimetoka kazini, nimeliwasha gari la Yona kama kila siku. Mama kwenye kigoda chake mlangoni, anasikiliza. Likizimwa ndipo anakula. Siku nisipoliwasha hali chakula, basi. Yona, mdogo wangu, tulimzika Kibakwe mwaka jana na tangu hapo Mama anapungua. Naogopa atamfuata.

Leo amesema gari linakohoa. Kweli. Likibanwa mafuta kidogo tu injini inagonga. Nimempigia Rashidi, fundi aliyelitengeneza tangu enzi za Yona. Mrangi wa Kolo, maneno ya kuhesabu. Amesikiliza, amefunga boneti. Anasema turbo ile, feni inayosukuma hewa kwenye injini, petroli yetu haiiwezi. Tuhamie ethanoli, spiriti ya miwa, hiyo hiyo ya majiko. Haigongi, inapooza injini, nguvu inaongezeka. Nikauliza kama inalipa. Akasema inategemea unatafuta nini. Jibu la mganga.

Jumatano, 4 Juni

Nimepiga hesabu za kichwani siku nzima, ofisini sikufanya kitu. Pampu kubwa. Nozeli kubwa za kupuliza mafuta. Mipira ya mafuta mipya, maana spiriti inaitafuna ya zamani. Kompyuta ya gari ipangwe upya. Halafu linakunywa kuliko mwanzo, na asubuhi za baridi linagoma kuwaka. Dodoma hii hakuna kituo kinachoiuza, ni kuhangaika na madumu. Mtu mwenye akili angeuza gari.

Na kuna hili, niliandike tu. Yona alikufa kwa pombe. Ini. Sasa gari lake nilitilie spiriti. Rashidi anajua, hakusema. Mimi najua, nimekubali.

Jumamosi, 7 Juni

Gereji tangu asubuhi. Kazi imekwisha mchana, jua kali, upepo wa vumbi. Rashidi akamimina spiriti kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akawasha kiberiti, akaniambia nitazame. Sikuona kitu. Nikamwambia haijawaka. Akaokota jani kavu akalishika juu ya kifuniko. Jani likajikunja, likawa jeusi, likaisha. Hakuna mwali. Hakuna moshi.

"Moto wake juani hauonekani, kaka," akasema. "Ukiwa na wasiwasi, usiguse."

Nimeendesha hadi nyumbani, Area D. Mungu wangu. Kuligusa tu, limeondoka. Nimecheka peke yangu barabarani kama mwehu. Nilipofika, Mama akasimama. Hajasimama kwa ajili ya gari siku nyingi. Akalizunguka akinusa. Ile harufu tamu ya kwenye ekzosi. Nguo za Yona zilinuka hivyo hivyo.

"Mmempa tena," akasema. Hakukasirika. Ndilo lililonisumbua.

Jumanne, 10 Juni

Baridi. Gari limegoma. Nimelipiga stata mpaka betri ikachoka, nikashuka nikitukana. Mama akatoka na shuka begani, akaweka kiganja kwenye boneti na kusema kitu kwa Kigogo, taratibu, namna alivyokuwa akimwamsha Yona kwenda shule. Nikajaribu tena. Likawaka.

Rashidi anasema kwenye simu ni kawaida, injini ilishapata joto kwa kupigwa stata. Namwamini. Lakini nilikuwepo, naye hakuwepo.

Ijumaa, 13 Juni

Mama anakula. Anakula vizuri, hata kabla sijawasha. Nilipaswa kufurahi.

Dumu la spiriti la stoo linapungua. Gari halijatembea tangu Jumanne. Kando ya gurudumu la mbele, upande wa dereva, majani yamekauka duara moja, udongo umelainika. Rashidi amekuja kutafuta uvujaji, amelala chini ya gari mpaka mgongo ukamuuma. Mipira yote mizima. Amejipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nimemshuku mpangaji wa jirani kuwa anaiba anakunywa, kisha nikaona haya. Spiriti ya majiko ina sumu, angekuwa ameshapofuka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimempeleka Mama Kibakwe kaburini. Ameomba mwenyewe. Madumu nyuma, madirisha wazi kwa sababu ya harufu. Amekataa kukaa mbele. Amekaa nyuma, katikati, mikono mapajani.

Milima ya Kibakwe Yona alikuwa anaipanda huku akiimba. Leo gari limeipanda kama hakuna mlima. Haligongi, halichemki. Sijawahi kuendesha kitu kama hiki. Kwa hilo, Rashidi, inalipa, nakuvulia kofia.

Kwenye kona ya juu kabisa Mama akanigusa bega. "Sogeza kiwiko," akasema. "Unambana mwenzio."

Kiti cha pembeni hakikuwa na mtu. Nilisogeza kiwiko. Sijui kwa nini nilisogeza. Hadi kijijini niliendesha kwa mkono mmoja.

Jumapili, 15 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa.

Baada ya ibada nililipeleka gari barabara ya Hombolo, nikalibana hasa. Nikarudi, nikafungua boneti lipoe, nikaenda kufunga geti. Kugeuka, Mama yuko mbele ya gari na kikombe cha bati. Akamimina kidogo chini, pale pale kwenye duara. Desturi yetu ile, pombe yoyote ikifunguliwa wazee wa chini, waliokufa, waonjeshwe kwanza. Nikaelewa kwa nini dumu linapungua. Nikafungua mdomo kumwita. Kilichobaki akakimimina ndani ya boneti, juu ya turbo iliyokuwa bado ya moto.

Hakukuwa na mlipuko. Ilisikika pumzi tu. Mama akarudi nyuma akijipiga mapaja, akizunguka. Nilidhani siafu. Aibu gani hii, nilikaribia kucheka. Jua la saa saba, uani kweupe, hakuna moto, hakuna moshi, mama yangu anacheza peke yake. Kisha upindo wa kitenge chake ukaanza kupungua. Ukapanda. Hakuna kilichoula, ukapungua tu.

Nilimrukia. Nilimmwagia beseni la maji ya nguo, nikamviringisha kwenye mkeka. Mkono wangu sikuuhisi mpaka tuko kwenye teksi. Jirani alizima gari kwa ndoo za maji, akimwaga kwa kukisia.

Muda wote huo Mama hakupiga kelele. Kwenye teksi alikuwa analia kimya kimya, na sidhani ni kwa maumivu.

Jumatano, 18 Juni

Hospitali. Mama ameungua mguu wa kushoto, goti hadi kifundo. Daktari anasema atatembea.

Nilimuuliza Mama kwa nini alifanya vile.

"Wiki ile ya mwisho aliniomba," akasema. "Tone moja tu, Mama. Nikamnyima. Nilidhani namponya."

Nikamwambia hata mimi ningemnyima. Baadaye akaniuliza nani anampa sasa huko nyumbani. Nikasema hakuna. Akageukia ukutani. Nimekaa hapo mpaka muuguzi akanifukuza.

Jumatatu, 23 Juni

Rashidi amekuja hospitali, ameleta ndizi. Ameshindwa kumtazama Mama, akamsalimia shikamoo akitazama sakafu. Nje akaniambia kosa ni lake, kwamba mimi alinionyesha moto ule na Mama hakumwonyesha. Nikamwambia ningeweza kumwonyesha mimi. Tukasimama hapo, watu wazima wawili, kila mmoja anavutia lawama kwake.

Mama hataki uji. Tangu jana. Wala maji ila kwa kulazimishwa.

Nimemwambia Rashidi aondoe kila kitu. Nozeli, pampu, yote. Arudishe petroli. Akasema turbo itateseka tena, itabidi aipunguze nguvu, gari litakuwa la kawaida. Nikasema hilo ndilo nataka.

Jumamosi, 28 Juni

Mama karudi nyumbani jana. Mguu kwenye mto, kigoda mlangoni, uso kama wa mtu aliyetoka safari ndefu. Hajagusa chakula.

Jioni hii nimeliwasha gari. Limewaka mara moja. Mngurumo mwembamba, hauna kikohozi, hauna harufu. Nikaliacha lingurume. Mama akainamisha kichwa akisikiliza, muda mrefu, mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo.

"Gari ya nani hiyo?" akauliza.

"Yangu, Mama."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza kama ugali umebaki. Nikamletea na mlenda, akala, akaomba tena. Nikakaa chini karibu na kigoda chake na sahani yangu, nikitega sikio nisikie kile kikohozi cha gari la Yona, na mimi nikashindwa kula.