Mchezo Wangu Juani

Jumapili, Kilindoni

Nimemwamkia shikamoo mzee mmoja wa kisiwa cha Juani, hata marahaba hakuniitikia. Mzee yule aliniangalia mbele ya watu akasema, "Huyu chotara atatufundisha nini sisi?"

Na mama yangu kazaliwa kisiwa kilekile. Nikaigiza mchezo wangu wa mama aliyecheleweshwa nyumbani akiwa na uchungu wa kuzaa mpaka akampoteza mtoto.

Nilipomaliza, binti mjamzito wa yule mzee akasimama. "Baba, nivushe kesho nikakae karibu na hospitali. Sitaki kungojea uchungu hapa."

Mzee akaenda kutafuta boti.

Jioni meneja wa hoteli kanipigia tena, anataka nikawachezee watalii ngoma. Nimemkatalia. Sijui mwezi ujao nitakula nini, na naogopa, lakini Jumatano nakwenda kisiwa cha Jibondo kuigiza mchezo uleule.