Nimeongoza Vita vya Kuikataa Lami, Kumbe Aliyeiomba Ndiye Nimpendaye

Shangazi Bonaria mpendwa, naomba usinicheke hadi ufike mwisho wa barua hii, maana huku kwetu wameshaanza kunicheka na hata habari yenyewe hawajaijua yote.

Mimi ni mgane wa miaka sitini na moja, nina duka la rangi na misumari hapa kijijini milimani, na kila Jumapili asubuhi mimi na wenzangu watano, wote wenye vitambi na kaptula za kubana ambazo wake zao wamekataza zisianikwe mbele ya nyumba, tunapanda baiskeli zetu za matairi mapana na kushuka ile barabara nyeupe ya changarawe inayopita kwenye miti ya mialoni, ikazama bondeni, ikapanda tena kilima cha vichaka vya mihadasi, halafu ikaporomoka hadi baharini, na huko tunakula samaki, tunalala kidogo mchangani, kisha tunarudi tukisukuma baiskeli na kudai kwamba tunazisukuma ili tuone mandhari. Katikati ya bonde kuna zizi la kondoo la mama mmoja mjane, tumwite Vissenta, mtengenezaji wa jibini, na hapo langoni kwake ndipo tunapojaza maji, na Shangazi, ukweli ni kwamba chupa yangu huwa haijaisha, naimwaga kwenye kona ya juu kabla sijafika.

Anatuletea maji yenye ndimu, na mkate mwembamba na kipande cha jibini, na tukikawia ananiuliza mimi, "Mbona leo mmechelewa?" kana kwamba ni mimi niliyewapa wenzangu vitambi. Ana mbwa watatu weupe, wakubwa kama ndama, waliowahi kumpandisha mtini mkaguzi wa mifugo, lakini sisi tuna bahati, kila Jumapili tunawakuta wamefungwa. Huu ni mwaka wa pili na sijawahi kumwambia lolote zaidi ya asante na habari za mvua.

Sasa sikia balaa. Majira ya baridi halmashauri ilitangaza kwamba barabara yetu itawekwa lami, na pale baa Gesuino mfamasia, ambaye ndiye kiranja wetu kwa sababu ana sauti kubwa, akapiga meza akasema, "Basi wazee, kwaheri bonde! Lami waachiwe wenye magari, sisi tunahamia njia ya kaskazini."

"Nani kasema tuhame?" nikauliza.

"Sasa tubaki tukafanye nini huko, tukahesabu malori?"

Shangazi, nilishikwa na hofu kama ya mtoto aliyeachwa sokoni, maana njia ya kaskazini haina lango la Vissenta, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimesimama juu ya kiti nikihubiri kwamba vumbi lile jeupe ni la babu zetu, kwamba lami ni kaburi la kisiwa chetu, kwamba nitalala mbele ya katapila, na mtu mmoja akalia, na wote wakapiga makofi, na jioni hiyohiyo nikawa mwenyekiti wa Kamati ya Kuitetea Barabara Nyeupe. Tangu hapo mambo yamenishinda kuyazuia, tuna bango, Wajerumani waliokuja na baiskeli zao wametia sahihi, na redio ya kisiwa ilitaka kunihoji, nikajifanya nimepoteza sauti.

Jumapili iliyopita, Vissenta akiwa anatugawia maji, akasema, "Nyinyi wanaume wa baiskeli, mmesikia kuna watu wanaipinga lami?"

"Tumesikiasikia," akasema Gesuino, macho juu mawinguni.

"Mimi ndiye niliyeiomba. Nimezunguka mazizi yote ya bonde hili nikikusanya sahihi. Nikimpeleka mama yangu hospitali, kila shimo anapiga kelele kwa ule mgongo wake, nami naendesha huku nalia. Hao watu wanaipenda barabara hii kwa sababu wanaipita mara moja kwa wiki. Hivi ni mjinga gani anayeiongoza hiyo kamati?"

Akanitazama mimi. Wenzangu wote wakanitazama mimi. Nikasema, "Nasikia ni mtu wa mjini."

"Wa mjini, eh? Nilijua tu. Jumatatu ile nyingine, kwenye mkutano wa halmashauri, nitamwona uso kwa uso, nimpe lake."

Gesuino alitokwa na maji puani. Na tulipokuwa tunapanda kile kilima hakuninyamazia hata kidogo, "Mtu wa mjini, hujambo? Huko mjini kwenu milima ipo? Mtu wa mjini, badilisha gia, unatuaibisha!"

Nikiketi kwenye kiti cha mwenyekiti Jumatatu ijayo, atajua kwamba mimi ndiye mjinga, tena mwongo. Nikijiuzulu, wenzangu wataniita msaliti, na lami itapita, na wao watahamia kaskazini, nami nitakuwa sina sababu yoyote duniani ya kusimama langoni pale. Gesuino ananishauri nianguke na baiskeli kwa makusudi ili Jumatatu niwe nimefungwa bendeji usoni. Naogopa kusema kwamba nimelifikiria sana wazo hilo. Nampenda mama huyu, Shangazi, na sijawahi kuliandika neno hilo tangu mke wangu afariki. Nifanye nini?

Mtu wa Mjini, huku Milimani

*

Mtu wa Mjini, nimekucheka. Uliniomba nivumilie hadi mwisho, lakini sikuvuka hata pale pa chupa.

Nimekuonea huruma pia, na huruma hiyo ni ya kweli. Nawajua wanaume waliofiwa na wake zao, wanaokula wima jikoni kwa sababu kuandaa meza ya mtu mmoja kunawaumiza. Wewe moyo wako umerudi kufanya kazi, na hilo ni jambo jema. Sasa kaa nikuseme.

Unaniambia mna bahati kwamba mbwa huwa wamefungwa. Bahati gani, ndugu yangu? Umezaliwa katika kisiwa cha wafugaji na unaandika hivyo bila haya? Mbwa wa zizi hafungwi. Mbweha hajui kwamba ni Jumapili, na mwizi wa kondoo anaijua vizuri sana. Kila Jumapili kuna mtu anayeamka, anawakamata mbwa watatu wakaidi mmoja mmoja, anawafunga, na kuliacha kundi lake bila mlinzi asubuhi nzima, ili wanaume sita wenye kaptula mbaya wafike langoni wakiwa wazima. Kisha wanapochelewa anamuuliza mmoja wao sababu, na huyo mmoja anadhani anasutwa. Sikuahidi kwamba anakupenda, mimi si mpiga ramli, na pengine anampenda mfamasia. Lakini amefanya zaidi yako, ambaye umekuwa ukimsomea utabiri wa mvua.

Na hapa sicheki tena. Mama mzee analia barabarani, binti yake analia kwenye usukani, na wewe umetundika bango ili upate kuomba maji. Hukujua, nakubali. Jumapili ulijua, ukiwa na chupa mkononi, na bado ukamsingizia mtu wa mjini. Uongo huo umemwambia usoni mwanamke aliyekuwa anakupa mkate.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, si kesho. Vua hiyo kaptula, vaa suruali ya mtu mzima, uchukue gari la duka na kushuka bondeni peke yako. Usikwepe shimo hata moja, nataka mgongo wako uupate ujumbe kabla mdomo wako haujafunguka. Ukifika piga honi na ubaki ndani ya gari, maana leo ni Jumamosi na wale mbwa wako huru. Kwanza kiri uongo, halafu uenyekiti, na mwisho hilo la tatu. Usiyapindue, maana ukianza na mapenzi atadhani unamhonga. Usipeleke maua, bonde zima limechanua. Hotuba ya babu zetu iache dukani kwenye makopo ya rangi.

Jioni ujiuzulu, mbele ya wote, palepale baa. Gesuino atakucheka mpaka Pasaka, mwache, ndiyo kazi ya rafiki. Na Jumatatu keti upande wa wafugaji. Ukipewa nafasi ya kusema, omba lami iishie kwenye zizi la mwisho, na kutoka hapo hadi baharini, ambako hakuna mgonjwa wala maziwa, wawaachie nyinyi changarawe yenu mkaanguke mnavyopenda. Halmashauri isiyo na pesa husikiliza sana ombi la kununua lami kidogo. Lakini hayo ni ya mkutano. Usimpelekee Vissenta ramani ya barabara wakati anataka kusikia kwa nini mtu hufika kwake kila wiki na chupa kavu.

Akikufukuza, usibishane. Toka, na lango uliache kama ulivyolikuta. Adabu hiyo unawapa kondoo, mpe na yeye. Utaumia, na utapona, na mama yake atafika hospitali bila kulia, na wewe utakuwa umechangia.

Umembadilishia jina, nami nimeliacha hilo ulilompa, ingawa sijui litakusaidia nini. Bonde ni moja, mjane ni mmoja, mbwa weupe ni watatu. Akiisoma barua hii kabla hujafika, nitakuwa mimi niliyemwambia, na hapo hata mimi sitaweza kukuombea.

Nimempigia simu msambazaji wetu wa magazeti. Kijijini kwenu gazeti linafika mapema, kwa hiyo unanisoma sasa hivi ukiwa na kahawa. Bondeni linapelekwa na gari la mkate, na dereva anasema kwamba kwa mashimo yale, hata akijitahidi vipi, kwa Vissenta hafiki kabla ya saa sita mchana. Barabara yako imekupa asubuhi moja. Acha hicho kikombe, nenda.

Shangazi Bonaria