Nilipomshinda Salumu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetoka shule saa tisa. Madaftari sijasahihisha. Mdogo wangu Salumu kanisubiri barazani, boksi lake keshalifungua mkekani. Tangu aje juzi kutoka Dar hana habari na kingine. Anasema hospitali wamempa mapumziko ya wiki mbili, kisha atarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Mikono imekonda, uso umejaa.

Ni mchezo wa vita vya Majimaji. Ramani inajaza mkeka mzima. Kete za mbao zaidi ya mia, kadi, dadu, kitabu cha kanuni kurasa arobaini na nne, Kiingereza kitupu. Nilidhani utakuwa kama bao au karata. Wapi! Tumesoma kurasa kumi, kichwa kinaniuma. Kilwa Kivinje ipo. Kinjumbi, kwao Mama, ipo. Kiranjeranje yetu haipo. Salumu ni mpima ardhi, kaudhika kwelikweli.

Yeye watu wa kusini. Mimi Mjerumani. Sikupenda.

Jumanne, 5 Agosti

Zamu tatu kwa saa mbili. Kila ukifanya jambo, kuna kanuni nyingine ya kusoma. Lakini nimeanza kuuelewa. Mjerumani ana askari wachache, hawezi kuwa kila mahali. Salumu kazi yake ni kuunganisha watu wasiosikilizana kabla meli yangu ya askari haijafika. Vita hivi navifundisha kila mwaka: sababu tano, matokeo matano. Sikuwahi kuogopa. Leo Samanga, ndiyo Somanga ya sasa, iliponiponyoka, niliogopa. Salumu kacheka mpaka kakohoa.

Jumatano, 6 Agosti

Mama kauliza hivi vijiti ni nini. Salumu kamweleza. Bibi yake Mama alikuwa mtoto vita vile, alipona kwa kula mizizi ya porini. Wadogo zake hawakupona.

"Watu wamekufa pale," Mama kasema. "Nyie mnawasogeza kwa kidole."

Kaingia ndani. Tumeona aibu. Salumu kaifunika ramani kwa kanga. Baada ya alasiri kaifunua.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeiona miguu yake akitawadha. Imevimba. Nimebonyeza kwa kidole, shimo likabaki.

Hakuna mapumziko aliyopewa. Kaondoka mwenyewe. Miaka miwili ya mashine, mara tatu kwa wiki.

"Nimechoka, dada. Niache nife kwa Mama."

Nimempigia kelele mgonjwa. Mama alijua tangu siku ya kwanza. Nina hasira nao wote wawili.

Ijumaa, 8 Agosti

Hajala. Kwikwi haimwachi. Nimelia chooni ili nisisikike.

Baada ya swala ya Ijumaa nikamwambia tumalize mchezo. Nikishinda, unarudi Dar. Ukishinda, sisemi tena. Kanitazama sana.

"Haya. Lakini usinionee huruma."

Jumamosi, 9 Agosti

Tumeanza asubuhi. Salumu alikuwa mbele. Wangoni wamemuunga mkono, mimi nimebanwa pwani. Kadi nilikuwa nayo mkononi tangu Jumanne: choma mashamba na maghala. Ukichoma, vijiji vinaisha vyenyewe zamu zinazofuata, kwa njaa, bila risasi. Sikutaka kuitumia.

Nimeitumia. Umatumbi kwanza, maana ndiko alikokuwa na watu wengi.

Mama alikuwa kasimama mlangoni. "Huko ndiko kwetu, Somoe."

Nikamwambia najua. Nikachoma.

Zamu nne, hana kitu. Salumu kanipa mkono. Wake ulikuwa wa baridi. "Umenimaliza kama walivyowamaliza wale," kasema. Hakusema kwa ubaya. Sijafurahi hata kidogo. Nimempigia mwenye gari.

Jumapili, 10 Agosti

Gari limefika asubuhi, nampeleka mwenyewe. Mama kamshika kichwa, kamsomea dua. Mimi hakuniangalia.

Jumatano, 13 Agosti

Salumu amefariki jana adhuhuri, akiwa kwenye mashine. Ilikuwa mara ya pili tangu turudi Dar. Moyo ulisimama. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje, nilikoambiwa nisubiri. Pembeni yake hakukuwa na mtu wa kwao.

Alitaka kufa kwa Mama. Hakuomba kingine. Alitimiza ahadi yake kwangu, mimi nikamnyima hilo.

Leo tunamrudisha.

Jumamosi, 23 Agosti

Watu wa matanga wameshaondoka. Nyumba kimya. Mimi na Mama tumekaa uani tunapukuchua mbaazi.

Leo kaniuliza habari za ile safari, kwa mara ya kwanza. Nikamwambia alilala mpaka Nangurukuru. Somanga aliamka, akatazama upande wa milima ya Umatumbi, akaomba dafu. Nilimnyima. Madaktari walimkataza, figo hazikuweza. Akasema sawa, akaegemea dirisha.

Mama alichukua ganda jingine, akalipukuchua. Nikangoja aseme lolote, hata anilaani.

"Ungempa," kasema, "leo ungekuwa unasema dafu ndilo lililomuua."

Nikalia. Hakuninyamazisha. Akaendelea na mbaazi zake mpaka alasiri ilipoadhiniwa, akanipa mkono nimwinue, tukaenda kutawadha.